Kabla ya Kushika Koleo: Kujiandaa na Mtihani wa Leseni ya Meno Ng'ambo Ukiwa Unguja au Pemba

Swali la kwanza la mazoezi nililolikosa lilikuwa jepesi. Mama wa miaka 62 ana maumivu ya siku tatu, gego la chini limetoboka, na anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Utaanza na nini? Nikachagua kung'oa. Jibu lilikuwa kupima INR, ujue damu yake inaganda vipi, na maelezo ya chini yake yakaendelea kueleza namna ya kulinusuru lile gego. Hilo la kulinusuru halikunipitia hata kwa bahati mbaya.

Warfarin naijua. Kilichoniponza ni mazoea. Hapa kwetu mgonjwa anafika baada ya kusukutua maji ya chumvi, kuweka karafuu, kumeza dawa za dukani na kukesha siku mbili. Akiingia tu anatia kidole mdomoni: "Daktari, ling'oe tu hili." Nje foleni imefika mlangoni. Unaling'oa. Ukifanya kazi hiyo miaka mitano mkono unakuwa mwepesi sana, na akili inazoea kuruka hatua. Sasa mitihani ya leseni ya ng'ambo imetungwa juu ya hatua hizo hizo tunazoziruka: historia, vipimo, picha, ridhaa, mpango wa matibabu, kisha ndipo mkono. Ndiyo maana utamwona daktari hodari, anayeng'oa gego la mwisho huku akizungumza na muuguzi, anafeli karatasi.

Nimefanya sehemu ya kwanza ya mtihani wa Uingereza mara mbili, ya pili nikafaulu. Haya ninayoyaeleza ni mpangilio ambao ningeufuata lau ningeanza upya.

1. Chagua nchi moja, uachane na nyingine

Wengi wetu tunapoteza mwaka hapa. Leo unasoma ya Marekani kwa sababu binamu yuko Ohio, kesho ya Uingereza kwa sababu mwenzako kafaulu. Mitihani hii inafanana kwa mbali tu; ukiikaribia kila mmoja una tabia yake.

Marekani wana INBDE, ulioanza mwaka 2020 kuchukua nafasi ya NBDE ya sehemu mbili. Ni maswali 500 kwa siku mbili, 360 siku ya kwanza na 140 siku ya pili, na alama ya kufaulu ni 75 kwenye kipimo kinachoanzia 49 hadi 99. Majibu yanakuja kwa neno moja: umefaulu au umefeli. Mtihani haufanyiki Dar wala Nairobi. Unafanyika Marekani kwenyewe na maeneo yake, na Kanada, kwa hiyo viza inakuja kabla ya mtihani. Na ukifaulu hujapata leseni. Majimbo mengi yanataka usome tena miaka miwili au mitatu kwenye chuo cha meno kinachotambuliwa kule, na maombi ya vyuo hivyo hupitia mfumo mmoja uitwao CAAPID. Ada yake ni ya kumshtua mtu. Kama huna mfadhili au mkopo wa uhakika, INBDE itakuwa cheti cha kutundika ukutani.

Uingereza wana ORE, unaosimamiwa na baraza lao la meno, GDC. Sehemu ya kwanza ni karatasi mbili za saa tatu tatu. Sehemu ya pili ni vitendo: kichwa bandia, vituo vya OSCE vyenye wagonjwa wa kuigiza, uchunguzi na mpango wa matibabu, na dharura za kitabibu. Kila sehemu unaruhusiwa mara 4, na tangu siku unapofanya sehemu ya kwanza kwa mara ya kwanza una miaka 5 ya kumaliza ya pili. Yaani saa inaanza kuhesabu wewe mwenyewe ukiwa umeibonyeza. Usiibonyeze mpaka uione pesa ya sehemu ya pili, ambayo ni maelfu ya pauni bila kuhesabu tiketi na malazi. Na nafasi zikitangazwa hujaa upesi mno. Siku ya kufungua, kaa kwenye mtandao wa uhakika, usitegemee simu yenye bando la saa moja.

Kanada wana mitihani ya NDEB, bodi yao ya meno. Unaanza na AFK, mtihani wa maarifa ya msingi, kisha ACJ wa uamuzi wa kitabibu, kisha NDECC wa vitendo. Njia hii haikulazimishi kurudi chuoni, na ndilo jambo linalowavutia wengi. AFK unaruhusiwa mara 3 tu.

Mimi nimechagua Uingereza kwa sababu moja ya kawaida kabisa: dada yangu yuko London na ana chumba. Usidharau sababu kama hiyo. Mtu anayekupokea uwanja wa ndege na kukupikia wali siku ya kabla ya mtihani ana thamani kuliko kozi ya maandalizi. (Oman na nchi za Ghuba sikuzitia humu makusudi. Jamaa zetu wamejaa Muscat na wengi wanapitia njia hiyo, lakini mitihani yao ni habari nyingine.)

2. Karatasi kabla ya vitabu

Anza na jina lako. Sifanyi mzaha. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha skuli Mohammed, pasipoti Muhammad. Mmoja anaandika Khamis, mwengine Hamis. Kwetu ni mtu yule yule na kila mtu mtaani anajua. Kwa mhakiki aliye Marekani au Ottawa hao ni watu watatu. Kaa chini na vyeti vyako vyote, andika jina kama lilivyo kwenye kila kimoja, na kama kuna tofauti pata hati ya kiapo kwa wakili ukiwa bado hujalipa ada yoyote. Pasipoti ndiyo iwe bwana, vingine viifuate.

Kisha jina la chuo. Waliosoma Muhimbili kabla ya 2007 wana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa wakati ule Muhimbili ilikuwa chuo kishiriki, MUCHS. Ikawa MUHAS, chuo kikuu kamili, mwaka 2007. Ukiandika MUHAS kwenye fomu na shahada inasema Dar es Salaam, faili litasimama. Eleza kwa sentensi mbili, waombe chuo wathibitishe kwa barua.

La tatu linatuhusu sisi wa visiwani peke yetu. Afya si jambo la Muungano. Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na huku kuna Baraza la Madaktari Zanzibar. Kama ulifanya mwaka wa mafunzo kazini bara, ukaja kuajiriwa hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Abdalla Mzee kule Mkoani, umesajiliwa mara mbili ndani ya nchi moja, na utahitaji barua ya mwenendo mwema kutoka pande zote mbili. Wazungu wanashangaa: nchi moja, mabaraza mawili? Usingoje waulize. Weka maelezo mafupi mbele ya faili.

ORE wanataka pia ushahidi wa saa zisizopungua 1,600 za kutibu wagonjwa kwa mkono wako. Saa hizo hutiwa saini na mtu aliyekusimamia, na msimamizi akishastaafu akahamia shamba, kumpata ni kazi. Mfuate sasa hivi. Kwa Marekani, nakala ya alama zako hupelekwa na chuo moja kwa moja kwa wahakiki wa ECE. Ukiipeleka wewe mkononi haikubaliwi. Chuo kimoja kiliniweka miezi minne kwa bahasha moja. Niliyejifunza kutoka kwake ni mpiga chapa wa pale ofisini, si msajili: yeye ndiye anayejua bahasha iko wapi.

3. Kiingereza

GDC wanataka IELTS, mtihani wa Kiingereza, wa jumla 7, na isipungue 6.5 kwenye kila kipengele. Kuandika ndiko kunakotuangusha, kusoma ni rahisi. Matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema ukajikuta umeisha muda kabla faili halijakamilika. Jambo jengine ni kuongea. Kwenye OSCE utamweleza mgonjwa wa kuigiza kwa lugha ya mtu wa kawaida kwamba kiini cha jino kimekufa. Madaktari wetu tunazungumza Kiingereza cha kitabuni, tukiondolewa maneno ya Kilatini tunabaki kimya. Jifunze kulieleza kwa Kiswahili kwanza, kwa bibi yako. Ukiweza kumwelewesha yeye, Kiingereza chake utakipata.

4. Fungua maswali kabla ya vitabu

Usianze na anatomia ukurasa wa kwanza. Anza na maswali 50 ya mazoezi, ufeli, uone umefelia wapi. Utagundua makosa yako yana makundi, na kundi la kutojua ni dogo. Makubwa ni haya.

Namba za meno. Sisi tunatumia mfumo wa tarakimu mbili: 11 ni kato la juu kulia, 36 gego la kwanza la chini kushoto. Wamarekani wanahesabu moja hadi 32, wanaanzia gego la mwisho la juu kulia, wanazunguka juu hadi kushoto, wanashuka na kurudi. Kwao 36 yetu ni 19, na 46 yetu ni 30. Mtego uko kwenye namba zinazopatikana kwa wote wawili: 11 yao ni chonge la juu kushoto, na 18 yao ni gego la pili la chini kushoto, wakati 18 yetu ni gego la mwisho la juu kulia. Ukisoma namba kwa mazoea umeshatibu jino la upande mwengine wa mdomo. Waingereza nao wana alama za Palmer, pembe ndogo na namba moja hadi nane. Chora mifumo yote mitatu kwenye karatasi moja, ibandike kwenye mlango wa friji. Wiki mbili zinatosha.

Majina ya dawa. Paracetamol Marekani ni acetaminophen, adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol. Si elimu mpya, ni majina tu, lakini mtu akiwa na dakika moja kwa swali jina geni linamtia baridi. Vipimo pia: sukari sisi tunaisoma kwa mmol/L, wao kwa mg/dL. Zidisha kwa 18. Ndiyo kusema 7.0 yetu ni 126 yao.

Hesabu ya ganzi. Kliniki tunachoma kwa kukadiria, tena tunakadiria vizuri. Mtihani unataka namba. Katriji (kichupa cha ganzi) ya Marekani ya lidocaine asilimia 2 yenye mililita 1.8 ina miligramu 36 za lidocaine, na kama ina epinephrine ya 1:100,000, basi ni miligramu 0.018 za epinephrine. Mgonjwa wa moyo kikomo chake cha kawaida kinachofundishwa ni miligramu 0.04 za epinephrine. Gawanya: katriji mbili. Uingereza katriji ni mililita 2.2 na adrenaline ni 1:80,000, ambayo ni miligramu 0.0275 kwa katriji. Gawanya tena: ni moja na kidogo. Mgonjwa yule yule, sindano inayofanana kwa macho, jibu tofauti. Fanya hesabu hizi kwa mkono mpaka zikuchoshe.

Miongozo. Hapa ndipo uamuzi wa kuchagua nchi moja unapolipa. Chukua mtu mwenye vali bandia ya moyo anayetaka kung'olewa jino. Marekani anapewa gramu 2 za amoxicillin dakika 30 hadi 60 kabla. Uingereza, tangu mwongozo wa 2008 wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, antibiotiki za kinga hazitolewi kwa mazoea, na mtu kama huyo unamjadili na daktari wake wa moyo. Na wale wagonjwa wetu tunaowajua sana, ambao homa iliwaharibu vali utotoni na hawajafanyiwa upasuaji? Marekani waliwatoa kwenye orodha ya kupewa kinga mwaka 2007. Mimi nilifundishwa kuwapa, na nilikuwa nikiwapa. Swali hilo nililikosa mara tatu kwa sababu mkono ulikataa kuamini.

Kama ulimaliza chuo kabla ya 2018, soma upya magonjwa ya fizi kuanzia mwanzo. Mgawanyo wa zamani umeondoka; sasa ni hatua nne za ukubwa wa ugonjwa na madaraja matatu, A hadi C, ya kasi yake. Mwenye kisukari ambaye HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ni asilimia 7 au zaidi yuko daraja C. Mvutaji wa sigara 10 au zaidi kwa siku, vivyo hivyo.

Usidhani kila mahali tuko nyuma. Picha ya mdomo usiofunguka vizuri, mashavu yamekauka na yana nyuzi nyeupe, kijana wa London ameiona kitabuni. Mtu aliyekulia nyumba yenye kishubaka cha tambuu anajua mara moja kuuliza habari ya popoo. Vidonda vya wagonjwa wa ukimwi, majipu yaliyoshuka hadi shingoni, haya ni yetu. Maswali hayo yafanye haraka, uhifadhi dakika kwa yale ya krauni na vipandikizi.

Halafu lete mtihani kliniki kwako. Maswali ya INBDE hukupa kisanduku chenye umri wa mgonjwa, lalamiko lake, historia, dawa anazotumia, mzio na shinikizo la damu. Nilichora kisanduku kama hicho kwenye daftari la kaunta na nikakijaza kwa kila mgonjwa wa kwanza asubuhi, kwa mmoja tu, maana foleni hairuhusu zaidi. Bibi mmoja akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, mbona masuala mengi leo, kwani umekuwa polisi?" Akacheka, nami nikacheka. Kisha akataja vidonge vya presha ambavyo mara mbili zilizopita hatukumuuliza, tukamchoma tu.

5. Ratiba

Miezi sita ya saa mbili kwa siku inashinda miezi miwili ya kukesha. Soma alfajiri. Jioni kuna mgeni, kuna maziko, kuna harusi, na kisiwani huwezi kukosa maziko. Usiogope Ramadhani: watu wengi wanaahirisha kung'oa mpaka baada ya Idi, asubuhi kliniki inapwaya, na baada ya daku akili iko wazi kuliko wakati wowote. Umeme ukikatika uwe na maswali yaliyochapishwa kwenye karatasi. Na mtafute mwenzako mmoja wa kusoma naye, mmoja tu. Wakifika wanne hilo ni baraza la kahawa.

6. Mikono

Kichwa bandia wengi wetu tulikiaga mwaka wa tatu. Sehemu ya pili ya ORE inakurudisha kwake, na kinachokuhukumu ni milimita. Krauni ya chuma kwenye gego: milimita 1.5 kwenye vilele vinavyobeba mtafuno, 1 kwenye vingine, kuta zinazoegemea kidogo tu, na jino la jirani lisiguswe. Kuligusa jirani ni kosa ambalo hata mchongo mzuri haulifuti.

Taya la plastiki na meno yake ni ghali na lazima uagize. Lakini kitu kimoja tunacho kwa wingi, nacho ni meno yaliyong'olewa. Muombe mgonjwa ridhaa kwanza, kwani wapo wanaolitaka jino lao, hasa wazee. Lisafishe, liweke kwenye maji yenye jiki kidogo, usiliache likauke maana litapasuka. Kabla ya kulichonga, lisilo na zibo la amalgamu lipitishe kwenye mashine ya mvuke dakika 40. Lenye amalgamu usithubutu, zebaki itatoka kama mvuke. Hilo liloweke kwenye formalini asilimia 10 wiki mbili. Kisha yapange kwenye plasta kama yalivyokuwa mdomoni, jirani kwa jirani. Kabla ya kuchonga, chukua alama kwa silikoni, uikate katikati. Ukimaliza irudishe juu ya jino na pengo utakaloliona ndicho kiasi ulichokiondoa. Macho yanadanganya, silikoni haidanganyi.

Kuhusu kiti, mwombe mwenye kliniki binafsi akuachie Ijumaa mchana au Jumapili. Wengi watakubali ukinunua ncha za kuchongea mwenyewe na ukiacha pahala pasafi. Fungia taya kwenye kiegemeo cha kichwa, kaa pale ambapo mgonjwa angekulazimisha kukaa, tumia kioo. Nilichonga meno kama 20 nikiwa nimeshika taya mkononi mezani, nikajiona fundi. Nilipolifunga kitini, la kwanza niliharibu jirani zote mbili.

Dharura zipangie siku yake. Mzio mkali, pumu, degedege, sukari kushuka, moyo kusimama. Kila moja iseme kwa sauti, kipimo na njia ya dawa, huku mtu mwengine akijifanya mgonjwa sakafuni. Watoto wa nyumbani wanaifanya kazi hii bila malipo na kwa ufundi mkubwa.

7. Siku yenyewe

Ukienda Marekani ya mashariki utakuwa nyuma ya Zanzibar kwa saa 7 au 8 kufuatana na msimu. Saa tisa ya mchana kule, mwili wako uko kitandani Kikwajuni. Fika siku nne kabla ukiweza. London tofauti ni saa 2 au 3, si tatizo. Barua ikisema 8:00 ni saa mbili asubuhi. Mwenzetu mmoja mwenye digrii na ndevu alifika saa nane mchana.

Beba pasipoti ile ile uliyojisajilia. Ukifeli INBDE, unangoja siku 60 kabla ya kurudia, na una majaribio 5 au miaka 5, chochote kitakachotangulia. Baada ya hapo ni mara moja kwa mwaka. Muda huo wa kungoja rudi kazini, na kile kisanduku cha daftari la kaunta endelea kukijaza, mgonjwa wa kwanza wa kila asubuhi.